Pikipiki Ikisimama kwa Geti

Juzi nilipeleka mgongo wangu katika kliniki moja hapa Eldoret wanakotibu kwa kudunga sindano nyembamba kama nywele. Sikuwa na imani nazo, lakini mgongo haungojei imani.

Mbele yangu aliingia mama mmoja wa Sugoi, kitambaa cha kanisa kichwani. Kati yetu kulikuwa na pazia tu, kwa hivyo nilisikia yote.

"Wasiwasi unakushika wakati gani, Mama?" daktari aliuliza.

"Pikipiki ikisimama kwa geti. Ndivyo walikuja kuniambia kijana wangu amekufa."

Daktari akaanza kudunga. Baada ya muda nikasikia mama akikoroma polepole.

Alipoamshwa alisema, "Roho imetulia. Daktari, si uniachie sindano moja niende nayo?"

Daktari alicheka kidogo, akazitoa zote.

Pale mapokezi, msichana mwenye roho nzuri alishika simu. "Mama, nikuitie pikipiki ya boda ikufikishe steji ya matatu?"

Mama aliuweka mkono juu ya meza. Akaushika kwa ule mwingine, kama anayebembeleza mtoto.

"Hapana, msichana wangu. Nitatembea tu."

Mgongo wangu uko vilevile, kama mnauliza. Lakini siku hizi nikienda kumwona mamangu kule Kiplombe, mtu wa boda namwambia aniache mbali. Geti nalifikia kwa miguu, nikiita kwa sauti, ajue ni mimi na niko mzima.