Meza Tatu za Daktari Alaso

Mwezi wa nne wa kusimama ulikuwa unakatika, na pikipiki nyekundu ya chapa ya Kestari ilikuwa bado imefunikwa turubai nyuma ya ofisi ya ushirika wa maziwa wa Angurai, ikingoja kipuri kutoka ng'ambo. Kuku wa mlinzi walikuwa wamezoea kutagia chini yake. Anjeline Alaso alipita hapo kila asubuhi, akaitazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa aliyelazwa siku nyingi, kisha akaenda kutafuta bodaboda.

Hakuwa daktari, ingawa hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Alikuwa fundi wa kupandisha ng'ombe. Alibeba mirija ya mbegu za madume ndani ya mtungi wa baridi kali, na ng'ombe alipoanza kulia akitaka dume, mwenye ng'ombe alipiga simu, naye Alaso akaenda. Kazi hiyo haikubali kesho. Ng'ombe aliyeanza kulia alfajiri lazima afikiwe kabla jua halijazama; asipofikiwa, mfugaji atangoja siku ishirini na moja akimlisha bure. Alaso alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na mitatu, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, mpaka siku pikipiki ilipomwangukia kwenye mawe ya Moding ikamvunja nyonga ya kushoto. Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo hakuweza kutia mguu ule chini kuizuia pikipiki inapoyumba, na ndiyo sababu ushirika ulimtafutia pikipiki ya magurudumu manne, isiyoyumba.

Watu waliiita meza. Siku ya kwanza alipokwenda nayo Malaba kutia mafuta, alipita kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, na utingo mmoja aliyekuwa akichemsha chai chini ya trela akamwuliza, "Mama, hiyo meza unapeleka harusi ya nani?"

"Yako," Alaso akamjibu bila kupunguza mwendo. "Viti vinakuja nyuma."

Kwa miaka sita alikuwa amezikalia meza tatu, za chapa tatu. Ya kwanza ilikuwa Tolanda nyeupe, iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika Angurai. Ilikunywa oili kama ndama anyonyavyo, na iliposhika matope ya kinamasi ilizima na kunyamaza, hata uisukume namna gani. Ya pili ilikuwa Sundora ya kijani, ya bei ndogo, bati lake jembamba kiasi kwamba lilitetemeka hata injini ikiwa imelala. Ya tatu ndiyo hii Kestari nyekundu, nzito, nzuri, yenye kitabu chake cha maelezo kwa lugha saba.

Jumatatu hiyo mwenyekiti wa ushirika, mzee Omagor, mwalimu mkuu mstaafu, alimwita ofisini akamwonyesha kiti.

"Daktari, tumepata njia ya kununua moja mpya," alisema. "Moja tu, na hatutapata nyingine kwa miaka mingi. Kamati inakaa Alhamisi. Wewe ndiwe umezikalia zote, utuambie ni chapa gani ya kuaminika."

"Mzee mwenyewe unaonaje?"

"Mimi naona nyekundu. Imeharibika mara mbili tu tangu ije. Ile ya kijani kila wiki mbili ilikuwa kwa fundi. Lakini sisi hatuendeshi. Wewe sema, tutaandika vile umesema."

Alaso aliitikia, akainuka kwa kushika ukingo wa meza ya ofisi. Mpaka anafika mlangoni jibu alikuwa nalo, na lilikuwa jibu lile lile la mzee. Nyekundu ilikuwa na springi laini. Ulipoipitisha juu ya jiwe ilishuka polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Katika miezi ile iliyokuwa nzima, Alaso alirudi nyumbani akaweza kupika mwenyewe, akaweza kuinama na kufungua viatu. Akiwa na miaka hamsini na minne na nyonga iliyoungwa vibaya, aliona kwamba juu ya nyekundu angeweza kufanya kazi mpaka sitini. Juu ya ile ya kijani asingemaliza miaka miwili.

Maana ya kijani aliikumbuka kwa mwili. Springi zake za kiwandani zilikatika mwezi wa pili, na Echodu, fundi wa kuchomelea vyuma pale Malaba, akamtengenezea nyingine kwa chuma cha trela. Echodu alifanya kazi kando ya foleni. Malori yalisimama siku mbili, tatu, na vyuma vilivyotoka humo vilijaa nyuma ya kibanda chake. Kilichokosekana upande huu alimtuma mtu akitafute ng'ambo ya mpaka, na kabla ya saa sita kilikuwa mkononi.

"Sasa hii haitakatika tena, dada," alisema siku ile, akiipiga springi mpya kwa nyundo.

"Na mimi?"

"Wewe sina spea zako." Alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Weka mto."

Aliweka mto. Aliweka na wa pili. Aliendesha akiwa amesimama nusu, uzito wote kwenye mguu wa kulia, na jioni binti yake alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto huku yeye akiwa ameuma kona ya leso. Hapana, ya kijani hakuitaka tena.

Jumanne simu ilitoka kwa Gentrix, mjane mwenye ng'ombe wanne wa kukamwa huko karibu na Moding. Ng'ombe wake mwekundu alikuwa analia tangu usiku. Alaso akamwita Bwire, kijana wa bodaboda, akakaa upande nyuma yake, mtungi umefungwa kwa mpira mbele. Njia ilikuwa imechimbika kwa mvua. Kila Bwire alipotaka kukaza mwendo, Alaso alimgusa bega, akapunguza.

"Daktari, tukienda hivi ng'ombe itazaa kabla tufike," Bwire alisema.

"Basi tutakuta maziwa."

Walifika jua limeshapinda. Ng'ombe alikuwa ameanza kutulia, na Alaso alipomgusa alijua kwamba muda ulikuwa umekwenda. Alifanya kazi yake hata hivyo, akaosha mikono, na Gentrix akamletea kiti na kikombe cha uji.

"Atashika?"

"Sijui, mama. Nimechelewa."

Gentrix hakulaumu. Alitazama zizi lake, na Alaso akatazama pamoja naye. Kulikuwa na mitamba watatu wanaolingana, karibu kuwa ng'ombe kamili. Nyuma yao palikuwa na pengo. Hapakuwa na wa mwaka uliofuata hata mmoja. Kisha ndama mmoja mdogo, peke yake, amefungwa kwenye kigingi.

"Hawa watatu ni wa lini?" Alaso aliuliza, ingawa mikono yake ndiyo iliyowapandisha mama zao.

"Wa ile meza yako ya kijani. Ile ya makelele. Tulikuwa tunakusikia ukiwa bado mtoni, mimi natia maji ya kunawa kwa karai."

"Na wa nyekundu?"

"Huyu mmoja." Gentrix alimwonyesha ndama kwa kidevu. "Ile nyekundu ilikuwa nzuri, daktari. Lakini ilikuwa haiji."

Alaso alimaliza uji. Njiani kurudi hakumgusa Bwire bega, na Bwire akadhani amesinzia.

Siku iliyofuata alimwambia Bwire wazunguke tu. Bwire aliuliza ni ng'ombe wa nani anayelia, akaambiwa hakuna, twende. Walipita boma kwa boma, kutoka Angurai mpaka karibu na Malaba. Alaso hakushuka kila mahali. Pengine aliomba zizi lifunguliwe tu, akiwa amekaa pale pale juu ya bodaboda, akasoma umri wa mifugo kwa pembe na kimo, na mwenye boma akathibitisha. Kadi za upandishaji alikuwa nazo mfukoni. Akachukua mwaka wa kwanza wa kila meza, maana mwaka wa kwanza kila moja ilikuwa katika ubora wake, akaandika idadi ya ndama waliozaliwa kutokana na mwaka huo. Hakutaka kuionea hata moja. Alipofika kwa nyekundu alitafuta kwa bidii zaidi, akauliza kama kuna ndama aliyeuzwa, aliyekufa, aliyepelekwa kwa shemeji. Wachache waliongezeka. Hawakutosha.

Alasiri alikaa barazani kwake na karatasi moja. Nyeupe, hamsini na wanne. Ya kijani, tisini na sita. Nyekundu, arobaini na saba.

Ya kijani ilikuwa imeharibika mara ishirini na nane mwaka ule. Alizikumbuka zote: mnyororo, kebo, tangi lililotoboka, gurudumu lililochomoka likamtangulia mtelemkoni. Na kila mara, Echodu au fundi mwingine yeyote mwenye spana na moto aliirudisha njiani siku hiyo hiyo au kesho yake. Nyekundu iliharibika mara moja tu mwaka wake wa kwanza, kifaa kidogo cha umeme, saizi ya kiberiti. Hakuna fundi wa Malaba wala Busia aliyethubutu kukifungua. Ilikaa miezi mitano. Sasa ilikuwa imeharibika mara ya pili.

Aliwaza kwamba karatasi hii hakuna aliyemwomba. Mzee Omagor aliuliza chapa ya kuaminika, na mtu yeyote mwenye akili angetaja ile iliyoharibika mara mbili. Usingekuwa uongo. Angekaa juu ya springi laini. Na hata kama ingelala miezi tena, wakati huo naye angelala, na nani angemlaumu mwanamke wa nyonga mbovu? Alikunja karatasi ikawa ndogo sana. Akaikunjua. Nyonga ilikuwa inagonga kama mtu aliye mlangoni, naye alikuwa amechoka, amechoka mpaka kwenye kucha, akatamani mtu mwingine angekuja aseme badala yake.

Alhamisi kamati ilikuwa ya watu tisa. Mzee Omagor alikuwa ameleta hata picha ya Kestari mpya, amebandika ukutani. Nerima naye alikuwepo, fundi mwenzake Alaso, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyehudumia upande wa Amukura kwa pikipiki ya kawaida.

"Daktari, kwa ufupi," mzee alisema. "Ni gani haiharibiki?"

"Zote zinaharibika, mzee."

"Sasa?"

"Sasa nimehesabu ndama." Aliisoma karatasi akiwa amekaa, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma majina darasani. Alipomaliza, mzee Omagor alivua miwani.

"Lakini nyekundu imeharibika mara mbili tu."

"Mara mbili, mzee. Miezi tisa."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine, mfugaji wa karibu na mpaka, akasema kwamba yeye kwake ni kweli, alikuwa hajui kwa nini hana mtamba wa mwaka ule, alidhani ng'ombe wake wamelaaniwa. Watu wakacheka kidogo. Mzee aliitazama picha ukutani.

"Unataka tununue ile ya makelele," alisema.

"Sitaki. Nimewaambia ile inayofika."

"Na wewe, dada?" Ni Nerima aliyeuliza. "Ile ilikuwa inakuua. Nilikuwa nakuona."

Alaso alikuwa ametumaini kwamba swali hilo lisingeulizwa na watu wengi wakiwa wanasikia. Alikunja karatasi, akaiweka mezani mbele ya mzee.

"Mimi siwezi kuiendesha tena," alisema. "Huu upande wangu apewe Nerima pamoja na wake. Ana mgongo mzima. Mimi nitashika simu."

Hakuna aliyebisha, na hilo lilimuuma kuliko kama wangebisha. Mzee Omagor aliandika, akasimama akampa mkono kama alivyokuwa akiwapa walimu waliostaafu, kwa mikono miwili.

Sundora mpya ilifika baada ya wiki tatu, ya kijani zaidi kuliko ile ya zamani. Alaso alimkabidhi Nerima mtungi, mirija, glovu, na kadi zote. Alimwambia wapi pa kuvukia mto maji yakijaa, na boma lipi lina mbwa asiyebweka kwanza. Kisha akapewa kiti karibu na dirisha la ofisi, na simu ya ushirika ikawekwa mbele yake juu ya kitambaa.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, Nerima alipiga.

"Dada, imezima. Niko huku juu ya Moding. Naenda kwa Gentrix."

"Unaona nini?"

"Mnyororo umetoka, na kitu kimepinda."

"Ng'ombe ameanza lini?"

"Anasema alfajiri."

Alaso alihesabu kwa vidole juu ya kitambaa. Alfajiri, saa nne, alasiri. "Bado tuko na muda," alisema. "Usiisukume. Shuka kwa miguu mpaka kwa yule fundi wa baiskeli hapo chini, umwambie ni mimi nimesema. Aje na nyundo."

Akakata, akampigia Gentrix, akamwambia asimfungulie ng'ombe. Kisha akakaa na simu mapajani. Mara mbili aliitazama saa ya ukutani, na mara zote mbili ilikuwa haijasogea sana. Nyonga ilimgonga kidogo, akahamia upande wa pili wa kiti.

Saa sita kasoro robo simu ililia. Mwanzoni hakusikia sauti ya mtu. Alisikia injini, na bati likitetemeka, na mbali kidogo mwanamke akisema maji yako tayari.

"Nimefika," Nerima alisema.

"Haya," Alaso akajibu. "Nawa."