Ng'ombe Walio Ndani ya Ngazi

Ngazi ya mlango wangu wa nyuma imenigharimu mifuko miwili ya saruji, toroli nne za mchanga, siku mbili za fundi, jogoo mmoja wa kitoweo chake, na huenda ng'ombe sita. Saruji nimeihesabu mara mbili, mchanga mara mbili. Ng'ombe ndio wanaonishinda, maana wamo ndani ya zege.

Nilikuja Rwamgasa kutoka Shinyanga mjini na robota moja la mitumba, nikakaa. Kila mwaka, mawingu yanapoanza kujikusanya halafu yakaghairi, naiandaa nyumba kwa mvua. Naanza juu nashuka chini, kwa sababu vumbi la dari halina adabu, litashukia palepale ulipokwisha kufagia. Napigilia upya misumari ya bati, naziba matundu kwa lami, naosha tangi kabla ya tone la kwanza. Magunia ya mpunga nayapandisha juu ya chaga, shubiri moja kutoka ukutani, hewa ipite na panya akose pa kujificha. Kwenye masanduku ya nguo natia majani makavu ya mwarobaini. Nahesabu vinavyotoka, nahesabu vinavyorudi.

Wiki hiyo naipenda kuliko sikukuu. Vitanda, sufuria na masanduku vinaota jua uani kama wageni waliofika mapema, na vyumba vitupu vinanirudishia sauti yangu ikiwa laini kidogo, kana kwamba ni ya mtu mwingine anayeishi humo nisipokuwepo. Mchana nalala kwenye godoro nje, chini ya kivuli cha shuka nilizoanika, sijui kama nimeamka.

Nina sheria moja: kitu ambacho hakijaguswa tangu mvua iliyopita, kinatoka. Nimeitumia sheria hiyo kwa viatu, redio, hata kwa mpangaji mmoja.

Ndiyo ilivyokuwa kwa viroba vitatu vya mawe vilivyokaa stoo. Vilikuwa vya mdogo wangu, mchimbaji. Alivileta kwa baiskeli, akavisukumia nyuma ya ndoo mbele ya majirani wawili, akasema kwa sauti ya mnada: "Dada, haya mawe hayana kitu. Takataka tu." Kisha akaenda Maganzo kujaribu almasi, akakaa huko msimu mzima.

Nikayahesabu: viroba vitatu, takataka. Nikayahesabu tena.

Mvua iliyotangulia, maji yalikuwa yameingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nikaazimia kuweka ngazi ya kuyazuia. Fundi, mzee wa Kisukuma mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, alichimba, akapima, akajikuna.

"Mayu," yaani mama, "mawe yamepungua."

"Kiasi gani?"

"Viroba viwili, vitatu."

"Viwili au vitatu?"

"Vitatu. Au unilipe ya lori niyafuate."

Mimi nilipe lori na mawe ninayo stoo? Nilimtolea mwenyewe. Akayapanga, kiroba kimoja kwa kila hatua, akamwagia zege. "Wabeja, mayu," alishukuru, nikajisikia mjanja hadi kwenye vidole vya miguu.

Mvua ikaja. Nilikaa mlangoni na chai, nikayatazama maji yakifika kwenye hatua ya kwanza, yakisita, yakizunguka kwenda kwa jirani. Jikoni pakavu. Harufu ya udongo ilijaa nyumba nzima na sikutaka kusogea.

Mdogo wangu alirudi kabla mvua hazijaisha, amekonda, hana almasi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, pita nyuma uone ngazi yangu."

Aliiona. Lakini njiani alikuwa ameshapitia stoo.

"Dada, viroba vyangu?"

"Umevikanyaga."

Akacheka, akijua ni utani wangu. Kisha akaangalia chini, kwenye ubavu wa ngazi ambako jiwe moja lilikuwa limechungulia nje ya zege. Alilitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba.

"Si ulisema takataka?" nilimuuliza.

"Ulitaka niseme dhahabu, majirani wakisikia?"

Hapo nilikaa. Miaka yote hii sokoni namjua mteja anayeisema vibaya blauzi ndiye anayeitaka, nami nikamwamini mchimbaji aliyesema mawe yake hayana kitu.

Mahari anayotakiwa kumtolea mchumba wake ni ng'ombe kumi na wawili. Sita anao, sita wengine walikuwa watoke kwenye viroba. Baba wa binti anasubiri hadi mpunga uvunwe, kisha ataangalia kwingine.

"Nikupe wawili," nilisema.

"Sita, dada."

"Wawili na ndama."

"Wewe unanunua mchumba wangu kama mtumba?"

Kasoro ni kwamba hata yeye hajui mawe yana nini. Mawe hayajapita karasha, ile mashine ya kuyasaga. Huenda mna ng'ombe kumi, huenda mna vumbi. Nikivunja nikakuta vumbi, sina ngazi, hana mke, na maji yatarudi jikoni. Nisipovunja, kila asubuhi jua likipiga lile jiwe linametameta, nami nakanyaga taratibu, kama kuna kitu kimelala mle ndani kikicheua.

Tumefika hapa: tuvunje hatua moja tu, tusage, tuone. Yeye anataka ya chini, anadai fundi alianza na kiroba kizito. Hiyo ndiyo inayozuia maji. Mimi nataka ya juu. Mpunga umeanza kugeuka rangi. Wewe uliyewahi kuvunja zege la nyumba yako mwenyewe, naomba unishauri: nianze na ipi?