Ndoo Kwanza, Sinki Baadaye

Mwalimu wa sanaa hakuwahi kutupa kitu. Trei za mayai, vizibo, makasha ya viatu, mabaki ya vitambaa vya fundi cherehani, vyote viliishia chumbani kwake pale shuleni, mpaka wenzake wakambandika jina la Mama Mabaki. Mumewe alishazoea. Ndara yake moja ikipotea, anajua iko darasa la tatu, imekuwa mamba.

Usidhani basi kwamba chumba kilikuwa jalala. Thubutu! Kila kopo lilichorwa ubavuni kilichomo ndani, gundi zimefunikwa, brashi zimesimama vichwa juu. Na ukutani, juu ya sinki, alibandika amri yake: ndoo kwanza, sinki baadaye. Yaani chochote chenye rangi au udongo kioshwe kwenye ndoo, tope litulie chini, likamwagwe nje. Anayekiuka anavaa kofia ya gazeti iliyotundikwa msumarini, kisha anasugua meza zote.

Mteja mkubwa wa kofia ile alikuwa binti wa darasa la tano aliyeitwa Mafuriko, kwa kuwa hakupita karibu na maji yakabaki mahali pake. Hesabu zilimtoa jasho, kusoma kulimtoa machozi, ila mpe udongo wa mfinyanzi umwone. Bila chumba kile, asubuhi asingeamka.

Muhula ule sinki lilikuwa limeshaziba mara mbili. Mwalimu mkuu, mtu asiyelamba matapishi yake, akaja kutangaza mwenyewe: "Likiziba tena, aliyeliziba hakanyagi humu mpaka muhula uishe."

Ijumaa, watoto wameshatoka, Mama Mabaki akakoroga plasta, ule unga mweupe ambao ukitiwa maji unageuka jiwe, atengeneze vinyago vya maonyesho. Mara simu ya mumewe: mama mkwe amefika bila taarifa, kakaa mlangoni na mizigo yake. Mkwe hasubirishwi. Mwalimu akamimina masalio ya plasta kwenye sinki, akafungulia maji kidogo, akatoka mbio. Haraka haina baraka, lakini nani alikuwepo wa kumkumbusha?

Jumatatu sinki limejaa pomoni, maji hayaendi. Fundi bomba akalala chali, akafungua bomba la chini, akachomoa kitu cheupe kigumu kilichopinda kama kiwiko. Mwalimu mkuu akakiinua mbele ya darasa la tano.

"Nani?"

Darasa zima likageuka kumtazama Mafuriko. Naye, masikini wa Mungu, hakubisha. Hakukumbuka kumwaga kitu, lakini maji yakiharibika si ni yeye siku zote? Akanyanyuka, akaiendea kofia, machozi yakimlengalenga.

Mama Mabaki aliitambua plasta yake. Angenyamaza, nani angejua? Lakini kumwona mtoto yule anauaga udongo wake kwa kosa lisilo lake, hapana, hilo lilimshinda. Akajikaza kisabuni, akamtangulia msumarini, akaivaa kofia mwenyewe.

"Ni mimi, mkuu. Watoto hata kuigusa plasta hawajawahi."

Fundi bomba akakohoa kuficha kicheko. Mwosha huoshwa.

"Nilisema nini, mwalimu?" mkuu akauliza.

"Ulisema hakanyagi humu."

"Haya. Na darasa lisilale."

Basi mpaka muhula ukaisha Mama Mabaki alifundisha kupitia dirishani, kiti kibarazani, kichwa ndani, miguu nje, akielekeza kwa rula. Walimu wengine walipita makusudi kumpa pole za kejeli. Ulinzi wa sinki akamkabidhi Mafuriko, na tangu hapo hata tone la rangi halikupita.

Muhula mpya ulipofunguliwa, mwalimu aliingia kwa mlango kama watu. Akakanda udongo kidogo kwa raha zake, kisha akaelekea sinki, mikono imechafuka hadi viwikoni. Mafuriko akamkatia njia, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Mtoto hakusogea. Aliiweka ndoo chini, taratibu, bila kumwaga hata tone. Mwalimu akainama, akaoshea humo.