Miti ya Baba Mdogo

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni kama mwanamke anaweza kurithi shamba. Mara nyingi haliji moja kwa moja. Mmoja atasema ni la rafiki yake. Mwingine ataanza na mwenye nyumba wake kule Shirere, aliyemfungia mlango kwa kufuli, na tukishamaliza hilo atasimama, atachukua mkoba, atafika mlangoni, kisha atageuka: "Na tuseme tu, madam, mzee akishaenda..."

Mimi si wakili. Ninakaa kwenye meza ya mapokezi katika ofisi ya wakili mmoja, ghorofa ya juu, karibu na mahakama mjini Kakamega. Kazi yangu ni kupokea watu, kupiga chapa na kupanga mafaili. Lakini watu wanaosubiri kwenye benchi huogopa kuingia kwa wakili na swali ambalo huenda ni la kijinga, kwa hiyo hulijaribu kwangu kwanza.

"Polisi anaweza kunishika bila kuniambia nimefanya nini?" aliniuliza mwendesha boda boda mmoja.

"Hapana. Lazima akwambie sababu, na kwa lugha unayoielewa."

"Yeye aliniambia, 'Panda gari.' Hiyo niliielewa vizuri sana."

Benchi lote lilicheka. Nilitabasamu pia, kwa sababu nilijua hapo ni mahali pa kutabasamu.

Sheria nimejifundisha mwenyewe. Alama zangu za shule hazikunifikisha chuoni, lakini wakili alipotaka kutupa vitabu vyake vya zamani vilivyotoka majalada, nilivibeba hadi chumbani kwangu. Mengine nilisoma kwenye simu. Ninajua majibu kwa moyo na bado huyatafuta upya kabla ya kuyasema, kwa hofu ya siku ambayo mtu atafuata neno langu na liwe si kweli. Nikikosea herufi moja kwenye hati ya kiapo, huchapa ukurasa mzima upya. Wakili hunitania kwamba msitu wa Kakamega utaishia mezani kwangu. Ninacheka. Halafu ninarudia ukurasa.

Lazima niseme na hili, maana bila hilo mengine hayataeleweka: sikulia baba alipokufa. Siku ya mazishi nilishika karatasi ya ratiba ya ibada, nikaona kwamba kati ya jina lake la kwanza na la pili pameachwa nafasi mbili badala ya moja, na hicho ndicho kitu kilichonisumbua hadi jioni. Tangu hapo nimekuwa kama shavu lililodungwa sindano ya ganzi na daktari wa meno. Ukiligusa, unajua ni lako kwa sababu tu liko mahali pake.

Nyumbani kwetu ni Shinyalu. Baba alimwachia mama nyumba, majani chai kidogo na shamba la mahindi na maharagwe linaloteremka hadi kwenye kijito. Kaka yangu na dada zangu wametawanyika mijini. Jirani wa mama, ua kwa ua, ni baba mdogo, yaani mdogo wake baba, na mkewe, ambaye mimi humwita mama mdogo. Hao wanawake wawili waliolewa katika boma hilo wakati mmoja. Wameuguziana watoto.

Mvua za masika zilipoanza, baba mdogo alipanda mikaratusi upande wa chini wa shamba la mama. Miche midogo, mistari iliyonyooka. Kwetu mtu hapandi mkaratusi mahali anapopita tu. Mahindi huvunwa ukasahau, lakini mti ni neno. Aliyepanda mti amesema, "Hapa ni pangu," na asiyeung'oa amekubali.

Mama hakuniambia. Niliiona miche mwenyewe nilipoenda kumsalimia.

"Hii ni ya nani?"

"Si unaona ni miti," alisema mama.

Hati ya shamba ilikuwa bado kwa jina la babu, kama zilivyo hati nyingi za huko kwetu. Babu alifariki nikiwa mdogo na hakuna aliyefungua mirathi, kwa sababu watoto wake walijua nani analima wapi. Jibu la jambo hilo ninalo. Nimelitoa kwenye lile benchi mara nyingi kiasi kwamba midomo hulisema peke yake. Mtu hupata barua ya chifu inayotaja warithi wote, wanawake kwa wanaume. Huenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Mjane na watoto wa mwana aliyefariki husimama mahali pake. Na anayejitwalia mali ya marehemu bila ruhusa ya mahakama anavunja sheria, hata kama ni kwa kupanda miti.

Nilitayarisha kila kitu. Nilichapa maombi, hati za kiapo, fomu za ridhaa, vyote katika mpangilio ambao karani wa mahakama asingepata pa kugusa. Wakili alisoma, akasema hana la kuongeza. Ilinifurahisha kidogo, nadhani. Kilichobaki ni sahihi ya mama.

Jumamosi moja nilimpelekea. Alikuwa jikoni akichambua likhubi, ile mboga ya kunde, na bahasha aliitazama bila kuigusa kwa sababu mikono ilikuwa na majimaji.

"Nikitia sahihi, ataitwa?" aliuliza.

"Baba mdogo? Ndiyo. Atapelekewa nakala. Ana haki ya kupinga."

"Atapelekewa na nani?"

"Kuna watu wa kazi hiyo."

"Wataingia kwake na karatasi, watoto wake wakiona."

"Wanaweza kumpa popote watakapomkuta."

Aliendelea kuchambua. Aliuliza kama ni lazima wote wawili wasimame mbele ya hakimu. Aliuliza kama maneno ya kortini huandikwa na kama yakiandikwa hufutika. Nilimjibu yote sawasawa. Nilijisikia nikiongea kwa ile sauti ya mapokezi, na sikuwa na nyingine.

"Na nikishinda," alisema, "nani atachimba kaburi langu?"

Kwetu kaburi la mtu halichimbwi na watoto wake. Linachimbwa na vijana wa ukoo na wa majirani, usiku wa matanga, kwa zamu, huku wakipewa chai. La baba lilichimbwa na wana wa baba mdogo. Niliwaona wakitoka shimoni na udongo hadi kwenye nyusi.

"Mama, unaweza kuajiri watu," nilisema.

Aliniangalia, na hakuwa na hasira.

"Mwanangu," alisema, "hata mbwa huweza kuajiriwa mtu wa kumfukia."

Nilisema tu kwamba haki yake ipo, atie sahihi au asitie, na yeye akasema anajua ipo, hajasema haipo.

Alasiri hiyo baba mdogo alikuja na mkewe. Alikuwa amesikia nimefika. Mama mdogo alileta maparachichi kwenye beseni, na sote tulikaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo kaburi la baba linaonekana, na chini yake mistari ya ile miche.

"Wakili wetu!" alisema baba mdogo. "Niinue mikono juu, ama nikae kwanza?"

"Kaa, baba mdogo."

"Hawa wa mjini ukikaa wanasema umekalia ushahidi."

Mama mdogo alicheka akampiga begani. Mama pia alicheka. Ni mtu wa kuchekesha, na lazima niliseme hili kwa haki. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alikula, akasifu obusuma, ugali wa mama, akauliza kama huko ofisini kwetu wanaume hunitazama au wananiogopa. Kisha alitazama bahasha iliyokuwa bado kwenye kigoda.

"Hiyo ni barua ya posa?"

Nilimwambia ni ya nini. Nilisema kila kitu kwa utaratibu: hati iko kwa jina la babu, mama anasimama mahali pa baba, miti ile imepandwa kwenye mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Sikupandisha sauti. Nilipomaliza, nilichowaza ni kwamba nilisahau kutaja haki ya shangazi zetu waliokwisha kuolewa.

"Umesoma," baba mdogo alisema. "Hata marehemu angefurahi. Lakini wewe utaolewa, uende. Kaka yako hakujangi huku hata Krismasi. Mama yako atabaki na nani hapa? Na sisi. Shamba likikaa bure, wezi watalipanda. Mimi ninalinda tu."

"Kulinda hakuhitaji mizizi," nilisema.

"Ehe! Kumbe ana meno."

"Nyamaza, mwanangu," mama alisema. Halafu aliweka sahani chini, akafuta mikono kwenye leso, akamgeukia. "Mulamwa." Ndivyo anavyomwita tangu alipoolewa, maana yake shemeji. "Sitaki maneno ya korti. Nataka kitu kimoja. Simama unionyeshe mahali utakaponizika."

Baba mdogo hakuwa ametarajia hilo. Wala mimi.

"Mungu wangu," mama mdogo alisema. "Dada, hayo ni maneno gani? Umeumwa?"

"Siumwi. Nauliza tu. Mume wangu yuko pale. Mistari yako ya miti imefika karibu na miguu yake. Mimi utaniweka wapi?"

Kwetu hakuna mtu anayeonyesha kaburi la aliye hai. Hata kunyoosha kidole kuelekea mahali ukasema fulani atalala pale ni kumwitia kifo. Mama alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini palikuwa na njia ya kujibu bila kunyoosha kidole. Baba mdogo angeweza kusema, "Kando ya kaka yangu, utalala wapi kwingine." Angeweza hata kumkemea. Mwanaume yeyote wa boma lile angepata neno, na neno hilo moja lingetosha. Ninaamini mama angemwachia ile miti yote.

Baba mdogo aliitazama miche yake. Alianza kuihesabu kwa macho, au ndivyo nilivyoona, kama mtu anayepima. Kisha akasema, "Mambo hayo bado yako mbali."

"Sawa," mama alisema.

"Tutaangalia siku ikifika."

"Sawa, mulamwa. Nimekusikia."

Mama mdogo alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Alimwangalia mumewe, akangoja, akaona hakuna kinachokuja. Alikusanya beseni lake, ingawa maparachichi yalikuwa bado ndani, na wakaondoka kwa njia ya pale uani.

Mama aliosha vyombo kwanza. Nilitaka kumsaidia, akasema niache. Alipomaliza alikaa mezani akaniambia nilete karatasi zangu, na akatia sahihi polepole kila mahali nilipoweka alama, kwa ule mwandiko wake wa shule ya msingi. Kwenye ukurasa mmoja kalamu ilitoa doa. Kwa desturi yangu ningechapa upya. Niliuacha.

Jumatatu niliwasilisha maombi. Niliogopa kwamba ningejisikia mshindi, au msaliti. Sikuhisi lolote kati ya hayo. Karani aligonga muhuri, akanirudishia nakala zangu, akamwita aliyenifuata.

Baba mdogo alikabidhiwa nakala yake akiwa sokoni. Amepata wakili na amepinga, jambo ambalo ni haki yake. Kesi haijapata tarehe ya kusikizwa. Nimemweleza mama kwamba miche ile hatuwezi kuing'oa hata sisi, mpaka mahakama iseme, na ameelewa. Kanisani mama mdogo siku hizi huketi upande mwingine. Wakikutana njiani husalimiana, kwa sababu ni Wakristo, lakini hawaulizani habari za watoto.

Mwezi wa Agosti nilienda kusaidia kupura maharagwe. Kazi hiyo miaka yote waliifanya mama na mama mdogo pamoja, ya boma hili leo, ya boma lile kesho, wakipiga fimbo kwa zamu na kusengenya kanisa zima. Tulitandaza maturubai uani. Nilipiga kwa uangalifu mno, nikichagua maganda, na mama akasimama kunitazama.

"Piga tu," alisema. "Maharagwe hayasomi."

Nikapiga tu. Baada ya muda tulisikia fimbo nyingine upande wa pili wa ua. Mama mdogo naye alikuwa anapura, peke yake. Hatukumwona. Mama alishusha fimbo yake, akasikiliza mpaka ile ya pili ikatulia, ndipo akapiga yake. Kule ng'ambo fimbo ikajibu. Waliendelea hivyo, mmoja akipiga, mwingine akingoja, hadi maharagwe yetu yakaisha.

Kisha mama alianza kupepeta, na hakutazama upande ule tena.