Utaratibu wa Yule Dada

Kabla hajaja yule dada wa Kisukuma, shafti zote za korona zilikuwa zangu. Korona ndiyo mashine kubwa inayochuna majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, na shafti yake ikivunjika shamba zima linasimama. Basi ikivunjika naitwa mimi. Nilikuwa nimeteremka kutoka Myamba nikajifunza kuchomelea katika karakana ya shamba hilo, huku tambarare upande wa Hedaru. Mwalimu wangu alikuwa fundi mkuu, mzee wa Mhezi, mtu wa maneno machache. Aliniita mwanangu. Hakumwita hivyo mtu mwingine yeyote pale karakana, nami nililijua hilo vizuri sana.

Mashamba yalipokwisha kutaifishwa zikaanza kuletwa shafti mpya. Chuma kilikuwa kilekile, hata alama iliyogongwa mwishoni ilikuwa ileile, kwa hiyo ya kwanza ilipovunjika niliichomelea kama nilivyozoea. Mshono ulitoka mzuri, umelala sawasawa. Asubuhi yake nikakuta ufa mwembamba kando ya mshono, si juu yake. Nikakata, nikarudia. Ukarudi palepale.

Fundi mkuu alichukua tupa akaipitisha juu ya shafti ya zamani, tupa ikauma. Akaipitisha juu ya mpya, ikateleza. Akanieleza kwamba zile za zamani ziliachwa zipoe polepole huko kiwandani zikawa laini, lakini hizi zilipashwa moto mkali, zikazimwa ghafla kwenye mafuta, kisha zikapashwa tena kidogo ili zisiwe za kupasuka. Utaratibu wangu wa kuchomelea ulikuwa umepimwa na kukubaliwa kwa chuma laini tu. Kwa hiki kilichozimwa ulihitajika utaratibu mwingine, nao upimwe upya mbele ya mkaguzi. Nikaona ni haki. Nikangoja aniambie nianze lini.

Badala yake alishuka dada mmoja kwenye lori la shamba, mrefu, mwenye kicheko kikubwa, na sanduku la bati kichwani. Alikuwa amefundishwa kuchomelea jeshini alipokwenda kulitumikia taifa, na huko walikuwa wakichomelea chuma cha namna hiyo. Fundi mkuu alimpa meza iliyo karibu na dirisha, akaniambia nitakuwa msaidizi wake wa kupasha moto. Dada akamwamkia mzee kwa goti, kama wafanyavyo kwao. Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Nilimchunguza kila kitu. Namna alivyokausha vijiti vya kuchomelea kwenye oveni kabla ya kuvitumia, nikasema moyoni ni madaha. Namna alivyofunga kitambaa kichwani kabla ya kuvaa ngao ya uso. Wachukuzi wa nyuzi, waliokuwa hawana habari na karakana yetu, sasa walikuwa wakipita dirishani kumtazama mwanamke akichomelea. Hata nyumbani hakuniachia nafasi. Aliniita kaka, kwa hiyo mke wangu akawa wifi yake, na wifi huyo alimpenda kuliko ndugu zangu wa damu. Nikirudi jioni nawakuta wamekaa jikoni wanacheka. Nikiuliza kilichowachekesha naambiwa ni mambo ya wanawake. Binti yetu mdogo alianza kutembea na sufuria usoni, akisema anachomelea.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Tulichukua shafti mpya iliyokwisha kuharibika, tukaikata vipande vya majaribio. Mimi napasha kipande kwa mtungi wa gesi, yeye anajaribu joto kwa chaki maalumu inayoyeyuka joto likifika, halafu anachomelea, kisha tunakifukia kipande kwenye majivu kipoe polepole. Cha kwanza tulikikunja kwenye presi kesho yake, kikapasuka kando ya mshono, palepale kilipopasuka changu. Nilifurahi mpaka nikaogopa kuonekana. Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kunawa.

Yeye hakuonyesha kujali. Alisema moto ulikuwa mdogo, tuuongeze. Tukauongeza sana. Kipande cha pili hakikupasuka, lakini alipopitisha tupa pembeni ya mshono, ikauma kama kwenye chuma laini. Moto ulikuwa umezidi, umeula ule ugumu wa kiwandani, na shafti ya namna hiyo ingepinda ikiwa kazini. Hapo aliweka tupa chini akaketi, kwa mara ya kwanza tangu aje. Mzee akamletea chai kwa mkono wake. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mzee chai.

Cha tatu alikichomelea kwa moto wa katikati, mshono mmoja mwembamba baada ya mwingine, akinizuia kila mara tusubiri joto lishuke mpaka pale alipotaka. Nikamwambia tutakesha. Akanijibu bila kuinua ngao, "Kaka, hiki chuma kimeshapikwa. Tukikipika upya tunakiharibu."

Mkaguzi alipofika kutoka Tanga tulimtengenezea vipande vingine kwa utaratibu huohuo, akasimama akitazama mwanzo mpaka mwisho. Akavikata, akavikunja, akavipima ugumu, havikupasuka wala havikulainika. Akampa mkono yule dada, "Hongera, ndugu." Kisha akanigeukia mimi, akasema utaratibu umekubaliwa, lakini kila mchomeleaji atakayeutumia lazima naye apimwe kwa mkono wake mwenyewe. Nikavaa ngao. Nilichomelea nikiwa na hasira, ila mkono ulikuwa mtulivu, nami nikafaulu. Mzee akanipiga bega akasema, "Umeufuata vizuri utaratibu wa dada yako."

Hilo neno ndilo lililoniuma kuliko yote.

Haukupita muda mrefu akahitajika katika shamba jingine, huko Tanga, nako shafti zilezile zilikuwa zikipasuka. Mke wangu alilia. Nikabeba lile sanduku la bati mpaka Hedaru, nikakaa naye mbele ya maduka tukingoja basi, vumbi la malori likitupiga. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri. Basi lilipotokea akaniambia, "Usipunguze moto kwa sababu wanakuharakisha, kaka. Watakuharakisha tu." Hata pale, kituoni, alikuwa akinifundisha. Nikamjibu nimesikia, nikampandishia sanduku.

Nilirudishiwa shafti zote, za zamani na mpya, na meza ya dirishani. Zile mpya nilizichomelea kama alivyoweka yeye, na hazikupasuka. Vijana waliokuja baadaye niliwafundisha vilevile, na walipouliza utaratibu huo ni wa nani niliwaambia ni wa karakana. Mzee akiwa karibu, alikuwa akinisahihisha.

Jioni ile niliporudi kutoka Hedaru mke wangu aliniuliza kama wifi yake alipata kiti cha dirishani. Nikasema alipata. Kwa kweli sikutazama.