Malkia wa Keki na Pua ya Mama Mkwe

"Keki yangu haijawahi kulala! Nionyesheni keki yangu iliyolala, nami niwaonyeshe wageni waliolala kabla haijafika!"

Maneno hayo Mama Keki aliyasema mwenyewe kwenye kipaza sauti, harusini kwa binti wa dada yake, alipoitwa asimame apigiwe makofi. Hakuna aliyembishia. Wangembishiaje, na midomo imejaa?

Nyumbani aliokea kwenye gereji, iliyobaki wazi baada ya gari kuuzwa: oveni mbili, meza ya mbao, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kwake yeye keki isiyoliwa ni tusi. Ukimwambia, "Mama, nimeiweka tu, ni nzuri mno kuikata," ni sawa na kumwambia mzazi kwamba binti yake ni mzuri mno kuolewa.

Basi makumbusho ya mji yakamwagiza keki ya sherehe. Mkurugenzi alikuja mwenyewe na picha ya sanamu yao ya kale kuliko zote: malkia wa jiwe, pua hana, mikono imekatikia viwikoni.

"Iwe vilevile," akasisitiza.

Mkurugenzi alipoondoka, Mama Keki aliitazama ile picha akamwonea huruma mwanamke mwenzake. Ampelekee mteja kitu kilichovunjika? Labda akiwa maiti. Akaoka keki ya matunda, nzito, kimo cha mtoto wa darasa la pili, akaivisha sukari nyeupe. Mikono akampa, tena akaishikisha kiunoni. Pua ndiyo iliyomsumbua. Alijaribu yake mwenyewe, ikapotea usoni. Mwishowe akaazima ya marehemu mama mkwe, pua aliyoijua vizuri mno, maana kwa miaka mingi ilitangulia kuingia jikoni mwake, mwenyewe akifuata nyuma.

Siku ya sherehe kitambaa kilipofunuliwa, Mkurugenzi almanusura azimie.

"Mama! Hii pua umeitoa wapi?"

"Kwa mama mkwe."

"Sanamu ina miaka elfu, haina pua!"

"Miaka elfu mmeshindwa kumtafutia pua, mimi nimempatia kwa siku mbili, halafu unanigombeza?"

Mkurugenzi akaagiza kisu, ile aibu iishie matumboni. Hapo ndipo mgeni rasmi alipoinuka. Alikuwa Daktari, si wa sindano, wa sanaa. Aliizunguka keki, akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Msikate! Hii si nakala. Huyu mama amemwumba malkia upya. Haya ni mazungumzo na historia."

"Mtazungumza mkishakula," Mama Keki akamwambia.

Nani amsikilize? Mkurugenzi, ambaye dakika moja nyuma aliona aibu, sasa aliitikia kwa kichwa kama aliyejua tangu zamani. Keki ikatiwa kwenye friji ya kioo kando ya malkia wa jiwe, na kazi ya kuitunza friji akapewa fundi aliyeaminika kuliko wote mjini. Nani? Mume wa Mama Keki.

Keki ikalala. Ikaamka, ikalala tena. Wiki zikapita, watu wakapiga nayo picha, na habari zikaenea hadi kwa wateja. Bibi harusi mmoja akapiga simu kufuta oda.

"Samahani mama. Tunasikia zako ni za kutazama. Sisi wageni wetu wana njaa."

Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Oveni moja ikapoa kabisa, ya pili ikabaki kuoka mikate ya jirani. Mama Keki akamwendea mumewe.

"Baba watoto, chomoa waya tu. Ioze, waitupe, jina langu lirudi."

"Friji yangu iozeshe? Na jina langu je?"

"Mimi ni mkeo!"

"Na ile ni pua ya mama. Unataka mama aoze mara ya pili?"

Asubuhi iliyofuata Mama Keki alitia kisu kwenye mkoba akaenda makumbusho. Akafungua mlango wa kioo. Mlinzi akaruka.

"Mama, usiguse kazi ya sanaa!"

"Kazi ya nani?"

"Ya... yako."

"Basi shika sahani."

Akakata mkono wa kushoto kwenye kiwiko. Mlinzi, aliyesimama karibu na keki ile wiki zote hizo huku akitafuna mkate mkavu, alisahau sare aliyoivaa. Wageni wakasogea, mkono wa kulia ukaenda. Friji nayo, kwa kuachwa wazi, ikaanza kulia pii, pii. Fundi akaja mbio na bisibisi mkononi, akamkuta mama yake hana mikono.

Akatia bisibisi mfukoni.

"Pua," akasema, "niachieni mimi."

Aliila akiwa ameuelekea ukuta. Mkewe akangoja, kisu mkononi.

"Enhe?"

"Tamu." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mama hajawahi kuwa mtamu hivi."

Mkurugenzi na Daktari wakaingia kwa pamoja. Mkurugenzi alimwona malkia bila pua, bila mikono, uso ukamng'aa.

"Sasa imefanana!"

Daktari aliona kilekile, uso ukamshuka.

"Imefanana mno. Sasa ni nakala tu. Makumbusho hayaweki nakala. Itoeni."

"Toa, toa haraka," Mkurugenzi akadakia.

Mama Keki hakungoja msaada. Alimbeba malkia kifuani kama mtoto mgonjwa hadi kwenye kantini ya makumbusho, akamlaza mezani, akaanza na mabega. Fundi akashika sahani. Foleni ikatoka mlangoni, ikapinda kona. Yule bibi harusi wa simu alikuwa wa sita, na alilipa kama wenzake.

Kipande kimoja, mia tatu.