Kulwa wa Upelelezi, Doto wa Majini

Sisi tuliokua wakati redio ya betri ndiyo ilikuwa televisheni ya ukoo mzima, tunajua kitabu cha hadithi kilivyofika kijijini. Hakikununuliwa. Kilikuja tu, kama mgeni. Kilikuja hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeshafungiwa karanga mahali fulani, na pembeni kina alama za vidole vya kila aliyekishika njiani. Jina lake halisi hatukulijua, kwa hiyo tulikipa letu: Kile cha Koti la Mvua, Kile cha Ziwa Linaloongea, Kile Kinachonuka Samaki.

Pale kwetu Didia vitabu vililetwa na mjomba Masanja, mdogo wake mama, aliyekuwa akichimba dhahabu upande wa Geita. Alisema wachimbaji husoma kuliko walimu, maana wakati wa kusubiri zamu ya kushuka duarani, kwenye shimo, ni mrefu na hofu inataka kitu cha kuidanganya. Alipotokea na mfuko wake wa salfeti begani, watu wazima walichungulia kama mna dhahabu, sisi tukachungulia kama mna kitabu. Mara nyingi tuliobahatika ni sisi.

Sisi, yaani mimi Kulwa na dada yangu pacha, Doto. Kwa sura tulifanana hata mwalimu akaamua kutuita wote "nyie". Lakini kwenye vitabu kila mtu alikuwa na dini yake.

Mimi nilipenda upelelezi. Nilimpenda yule mpelelezi anayeingia chumbani, hasalimii mtu, anaanza kuangalia vikombe vya chai. Nilipenda nionyeshwe kila kitu mapema, halafu bado nishindwe kumjua muuaji. Mwandishi aliyeficha ushahidi mpaka sura ya mwisho nilimhesabu kuwa mwizi, na mpaka leo sijamsamehe. Doto yeye alitaka majini, wafalme wa chini ya maji, watu wanaogeuka chatu, milima inayohama. Alisema kitabu cha upelelezi ni kama michembe, vile viazi vilivyokaushwa: ukishaitafuna, imekwisha, lakini cha majini unarudi kukaa humo. Nami nikamwambia vitabu vyake ni vya wavivu, kila mtu akibanwa anatoa pete ya ajabu mfukoni.

"Hata uchawi una sheria zake, Kulwa," alinijibu. "Asiyezijua ndiye anayeona kila kitu kinawezekana."

Msimu wa mpunga tulipelekwa majarubani kuamia ndege. Tulikaa juu ya dungu, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anavuta kamba iliyofungwa makopo. Kweleakwelea hawana adabu ya kusubiri sura iishe. Mara ngapi mpelelezi wangu amefungua mlango wa siri, na kundi zima limeshatua upande wa pili linakula chakula chetu cha mwaka. Mama akija na maziwa mgando kwenye kibuyu, alisimama chini ya dungu akauliza, "Hao ndege nao wanasoma?" Vijana wa leo wakisikia tulisoma huku tunapiga makopo wanacheka. Wao simu ikilia mara moja wamesahau hata jina la mhusika.

Jioni tulimsimulia baba tulikofika, pale kikome, kwenye moto wa wanaume, huku akichonga mpini na kujifanya hasikii. Kesho yake angeuliza, "Na yule mpererezi, alitoka kwenye lile gari?" Kiswahili chake kilikuwa cha Kisukuma, r na l zilibadilishana viti. Tulimpenda hivyo hivyo.

Kiangazi kimoja, mpunga umeshavunwa, jirani yetu Mzee Luhende aliamka akakuta kuku wake wamelala chini bandani, shingo zimetobolewa, nyama haijaguswa. Kuku wa Mzee Luhende walikuwa fahari yake. Baada ya siku chache ikawa vilevile. Maneno yakaanza: kinachoua kisile si mnyama. Na maneno ya namna hiyo, kwetu, yalijua njia ya kwenda. Yalikwenda kwa Bibi Holo.

Bibi Holo alikuwa mjane, anaishi peke yake karibu na njia ya kisimani. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliyekulia Usukuma anajua macho hayo yalimaanisha nini kwa kikongwe. Wapo waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Mama alisema mbele ya kila aliyetaka kusikia, "Macho yale yameharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Kuni atazipata wapi, na nani wa kumkatia?" Watu walimsikia, wakaendelea na yao. Mzee Luhende alisema safari hii atawaachia vijana walimalize. Bibi Holo naye akaacha kwenda kisimani asubuhi pamoja na wenzake. Alikwenda jua la utosi, wakati hakuna mtu.

Nyumbani hatukula vizuri siku hizo. Nakumbuka nikimwambia baba, kwa ushujaa wote wa msomaji, "Baba, kwenye vitabu vyangu anayeshukiwa na watu wote tangu mwanzo huwa si yeye. Tumwage majivu pale bandani tuone nyayo." Nilitegemea acheke. Hakucheka. Jioni alijaza ndoo majivu, akaenda mwenyewe kwa Mzee Luhende. Mzee akakubali, maana yeye alitaka kuuona mguu wa bibi kizee.

Asubuhi majivu yalikuwa na nyayo ndogo zenye kucha ndefu, na nyuma ya banda, chini ya ukuta, palikuwa na tundu lililochimbwa. Harufu iliyobaki pale ilitoa machozi. "Kicheche," alisema baba. Nilijiona mkubwa kuliko shule yetu.

Mzee Luhende aliziangalia zile nyayo, akatikisa kichwa. "Mnyama ni mnyama, sikatai. Lakini ni nani aliyesema mchawi hawezi kuwa mnyama?"

Watu waliokuwa wamekusanyika wakaitikia kwa koo. Vitabu vyangu vyote, na wapelelezi wangu wote wenye makoti, hawakuwa na jibu la swali lile.

Ndipo Doto akasogea mbele, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, mtu aliyegeuka mnyama akinaswa, jua likamwakia, si anarudi kuwa mtu?"

Mzee Luhende alimtazama. Hakuna mzee aliyetaka kuonekana hajui jambo kama lile. "Ndivyo inavyosemwa," alijibu.

"Basi tumtege. Jua likimwakia asigeuke, Bibi Holo aachwe."

Baba aliidaka hapohapo. "Umesikia, Mzee Luhende. Na watu wote hawa wamesikia."

"Nimesikia," alisema mzee.

Baba alitengeneza sanduku la mbao lenye mlango wa kudondoka, akaweka matumbo ya kuku ndani. Siku za kusubiri zile zilikuwa mbaya. Kila asubuhi mama alitoka nje kwanza, akaangalia kama moshi unatoka kwa Bibi Holo, ndipo akaja kuwasha moto wetu. Mwishowe mlango ukadondoka. Ndani alikuwa kicheche, mweusi mwenye michirizi myeupe mgongoni, mdogo kuliko paka, ana hasira za simba na uvundo usioelezeka.

Mzee Luhende alileta kigoda chake, akakiweka mbali kiasi cha pua kustahimili, akakaa kumngoja ageuke. Watu walijaa. Jua likapanda. Kicheche alinguruma, akazunguka, akachoka, akalala. Mkwewe alimletea mzee uji, akaunywa bila kuondoa macho kwenye sanduku. Doto alikaa karibu yake, uso umekazana kama anayesimamia mtihani. Baadaye aliniambia kwamba moyoni alikuwa anaogopa, maana yeye aliamini kweli kwamba huenda kicheche akageuka.

Jua lilipokuwa utosini, Bibi Holo akatokea njiani na ndoo yake, anakwenda kisimani saa yake ile ya upweke. Hakujua kuna mkutano. Alisimama, akalitazama sanduku kwa macho yake yale, akamtazama mzee.

"Mwadila, Luhende."

"Mwadila, mayu," mzee aliitikia, akimwita mama.

"Unamngoja nani?"

Mzee Luhende aliinuka taratibu, akakifuta kigoda kwa kiganja, akakisogeza mbele yake. "Kaa, mayu. Jua ni kali."

"Nichote maji kwanza," alisema Bibi Holo.

Mzee akamgeukia mkwewe, akasema kwa sauti ndogo, "Mpokee bibi ndoo." Yule mama akaichukua, wakaondoka pamoja, na watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi yake. Kicheche sitasema yaliyompata. Yeye alikuwa na makosa kweli.

Bibi Holo aliishi miaka mingi baada ya pale. Alikufa kwa uzee, nyumbani kwake, kitandani kwake, na Mzee Luhende akawa miongoni mwa waliochimba kaburi. Kwa bibi mwenye macho mekundu, enzi zile, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini msidhani ubishi wetu uliisha. Mimi nasema ni majivu yaliyomwokoa, Doto anasema ni sheria za uchawi. Yeye sasa yuko Ushirombo, ana mume, watoto na mashamba, mimi niko Kahama, upande wa kuelekea Buzwagi. Tukipigiana simu kuulizana hali, hatumalizi kabla mmoja hajachokoza.

Binti yangu Minza naye anapenda vitabu, ila vyake viko kwenye simu. Ana maktaba kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuona, anaibeba kwenye kiganja. Akichoka kusoma, anamsikiliza mtu fulani akimwambia hadithi nzima kwa dakika chache, muuaji akiwemo, halafu ananiambia ameshakimaliza. "Umekimaliza au kimekumaliza?" namuuliza. Anacheka, anarudisha vitu vyake masikioni. Simlaumu. Ningekuwa na simu ile kule juu ya dungu, ningefanya kama yeye, na ndege wangekula mpunga wote.

Ninachomhurumia ni kwamba anasoma peke yake. Siku ambazo hatukuwa na ndege wa kufukuza, mimi na Doto tulisoma kimya, kitabu katikati ya magoti yetu, kila mmoja ameshika upande wake. Mimi nilikimbia, nikitaka kujua nani kaua. Yeye alirudia mistari aliyoipenda. Nilimaliza ukurasa, nikaweka kidole gumba kwenye pembe yake, nikamngoja, na wakati wa kumngoja nilitazama macho yake yakishuka mstari kwa mstari. Nilimwona akitabasamu, nikajua amefika wapi. Akimaliza alisema tu, "Geuza."

Siku hizi nina vitabu vyenye majalada, na taa, na wakati. Hata hivyo nikifika chini ya ukurasa bado natua kidogo kabla ya kugeuza.